UDONGO WA PORINI UNA KAZI GANI?
(Maneno ya Katibu mbele ya wanaushirika, Michenga)



Mkutano uliopita ulivunjika kwa kicheko. Tulileta jambo la binti yetu aliyechaguliwa kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kusomea misitu, naye akasema wazi kwamba nia yake hasa ni udongo wa porini. Sauti ikatoka nyuma: "Porini analima nani? Nguruwe?" Ndugu yule hakukosea kuuliza. Sisi viongozi ndio tuliokosa jibu, na leo tumekuja nalo.

Elimu hii haikushuka na ndege. Miaka ya 1930 Mwingereza mmoja, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Usambara, alizunguka Tanganyika akitazama udongo. Akaona kwamba toka kilimani hadi bondeni udongo unabadilika kwa mpango, mmoja umeshikana na mwenzake kama pingu za mnyororo. Akauita katena, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya mnyororo. Vyuo vya dunia nzima vinalifundisha mpaka leo, na limetoka kwenye vilima vya huku kwetu. Wasukuma wana majina yao: luseni ni mchanga wa juu, mbuga ni udongo mweusi wa chini. Hata sisi tuliojifunza kuandika ukubwani, darasa la jioni, udongo tuliujua kabla ya a-e-i-o-u.

Sasa huko chuoni anafanya nini? Anachimba shimo, anasoma matabaka: juu majani yanayooza, chini yake udongo mweusi, kisha mwekundu. Analinganisha rangi na kitabu maalumu. Analowesha udongo kiganjani, anausokota kama uzi. Ukishikana ni mfinyanzi, ukikatika ni kichanga. Halafu unapimwa maabara. Chuo kina msitu wake wa miombo pale Kitulangalo, wanafunzi wanakwenda kujifunzia humo.

Na msitu, jamani, hauwekewi mbolea na mtu. Kwenye mizizi ya miyombo wamo kuvu wanaoutafutia mti chakula katika udongo maskini. Baadhi yao ndio uyoga tunaouokota masika! Ukikata na kuchoma, mwaka wa kwanza mahindi yanacheka kwa sababu ya majivu. Baadaye yanadumaa, tunaanza kutafutana uchawi.

Jambo kubwa ni maji. Bonde letu la Kilombero, karibu kilomita za mraba 8,000, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu za dunia. Maji yake yanatoka juu, Udzungwa na Mahenge. Udongo wenye majani unayanywa, unayaachia polepole. Ulio wazi unapigwa na matone mpaka unaziba, maji yanateremka mbio na mchanga wake mpaka kwenye majaruba. Hatusemi mafuriko ya masika ya 2024 pale Ifakara yaliletwa na shoka. Mvua ile ilikuwa kubwa mno. Lakini nani kati yetu anaweza kupanda kule juu akatuambia wapi udongo umechoka na wapi bado unakunywa?

Tusidanganyane. Huenda akahitimu asirudi. Tumemuuliza, akajibu hawezi kuapa. Tuliona afadhali jibu hilo kuliko uongo.

Tunachoomba ni fedha ya magunia 6 ya mpunga kutoka akiba yetu, mwaka wa kwanza tu: nauli, godoro, madaftari. Mkanda wa mashine ya kukoboa nao umekatika, na akiba haitoshi vyote viwili. Uongozi unaona mkanda ungoje mavuno, ingawa akina mama watatwanga kwa kinu miezi miwili, na si haki waamuliwe na wanaume waliokaa.

Basi kura itapigwa Jumamosi, saa 4 asubuhi, ghalani. Akina mama watangulie kusema.