Tukimpa Kijana Ufunguo, Tumempa na Nini Kingine?

(Hotuba ya kikundi cha wanaojitolea kufundisha vijana udereva salama, iliyotolewa mbele ya wazazi na walezi wa Nyahanga, Kahama)

  

 Tumeombwa tueleze kazi tunayoifanya na vijana siku za Jumamosi pale uwanjani. Kabla ya kueleza, tungependa kujibu swali ambalo mzee wetu mmoja alitusimamisha nalo njiani. Alisema: "Wanangu, hao watoto wengine hawajafikia umri wa leseni. Mnawafundisha kuendesha ili iweje? Si ndiyo mnawasukuma barabarani?"

Swali hilo ni la haki, nasi hatukuweza kulijibu siku ile. Tulirudi nyumbani tukalifikiria. Leo tunaomba tulijibu mbele yenu nyote.

Barabarani wameshafika

Jibu la kwanza ni kwamba vijana hawa wameshafika barabarani, na hatukuwapeleka sisi. Sisi wenyewe ni mashahidi. Mtoto wa kidato cha tatu anatumwa na pikipiki kupeleka mpunga mashineni. Aliyemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo huku akimshikia mjomba wake bodaboda jioni. Mwingine anapelekea watu chakula machimboni. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021, na kijana wa Kahama anayetafuta riziki mara nyingi anaanzia kwenye pikipiki. Serikali ilitoa kanuni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria mwaka 2010, na tangu hapo kijiwe cha bodaboda kimekuwa ajira kubwa ya vijana wetu.

Na barabara yetu si ya kuchezea. Inayopita hapa ndiyo njia ya malori yatokayo Dar es Salaam na bandari kavu ya Isaka, yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Njia nyingine inapanda kwenda Kakola hadi Geita, na ina magari ya migodi. Katikati ya hayo yote kuna michomoko inayokimbilia abiria, baiskeli zilizobeba mkaa, ng'ombe, na watoto wanaotoka shule. Huko ndiko kijana wetu anakotumwa na pikipiki ambayo hakuna aliyemfundisha kuisimamisha.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua. Huo ndio umri wa watoto wetu walioko shuleni na kijiweni.

Jinsi tulivyoanza

Sisi hatukuanza kwa semina wala kwa fedha za mfadhili. Tulianza msibani, na ikabaki kidogo tu msiba huo uwe wa watu wawili.

Vijana wawili wa mtaani walikuwa wanarudi jioni, jua likiwa machoni. Mbele yao lilisimama lori bovu. Dereva alikuwa ameweka matawi barabarani kama kawaida yetu, lakini vijana hawakujua matawi yale yana maana gani. Mmoja hatunaye. Mwenzake, aliyekuwa na umri wa miaka 16 na ndiye aliyekuwa akiendesha, anatembea kwa kuchechemea mpaka leo. Tulipokwenda kumwona alituambia kwamba alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote na pikipiki ikateleza. Breki ya mkono hakuigusa, kwa sababu kijiweni waliwahi kumwambia kwamba ukiishika itakurusha.

Baba yake alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Mimi nilimpa ufunguo. Sikumpa kitu kingine."

Neno lile lilitukaa moyoni. Kati yetu alikuwepo dereva mstaafu wa malori, fundi pikipiki, mwalimu wa sekondari na muuguzi. Tuliulizana, sisi tunaojua haya, tumemwambia nani? Jumamosi iliyofuata tukaanza.

Tunachofundisha

Tunapenda wazazi wajue wazi kwamba hatumtoi kijana asiye na leseni kwenda barabarani. Sheria yetu haimruhusu mtu asiyetimiza miaka 18 kuendesha gari, na mwendesha pikipiki anahitaji leseni ya daraja la pikipiki. Mafunzo yote yanafanyika ndani ya uwanja uliofungwa kamba, mwendo wa pole, mwalimu akiwa pembeni. Wala hatutoi cheti. Anayetaka leseni aende chuo cha udereva kinachotambuliwa, akapimwe na polisi kama sheria inavyotaka.

Somo la kwanza ni kuizunguka pikipiki kabla ya kuiwasha: tairi, mnyororo, breki, taa, vioo. Wengi walikuwa wanakimbilia kupiga kiki tu.

Somo la pili ni breki. Tunawaonyesha kwamba chombo kikifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele. Kwa hiyo tairi la mbele ndilo linaloshika barabara zaidi, na breki yake ina nguvu kubwa kuliko ya nyuma. Breki ya mkono inamrusha anayeibana kwa ghafla, au anayeibana akiwa kwenye kona au kwenye mchanga. Ukiibana taratibu, pikipiki ikiwa imesimama wima, huku ukikanyaga na ya mguu, itakusimamisha salama. Kwenye kokoto na matope unapunguza mwendo mapema, na breki zote unazigusa kwa upole.

Somo la tatu tunalifanya kwa chokaa. Dereva wetu mstaafu anakuja kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, anafunga breki kwenye mstari, na vijana wanahesabu hatua hadi aliposimama. Kisha anarudia kwa kilomita 40. Vijana hudhani hatua zitakuwa mara mbili, lakini zinakaribia mara nne. Halafu tunawaambia kwamba ukienda kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, kabla hata mkono haujaifikia breki. Hapo ndipo uwanja unapokuwa kimya.

Somo la nne ni lori. Tunamkalisha kila kijana kwenye kiti cha dereva wa lori lililozimwa, tunamsimamisha mwenzake ubavuni na mwingine nyuma ya tela, kisha tunamuuliza anawaona wangapi. Mara nyingi hawaoni. Kijana aliyekaa kwenye kiti kile hana haja ya kuhubiriwa tena kuhusu kujibanza pembeni ya lori linalokata kona.

Mengine ni haya: kutopakia mishikaki, kuwasha taa jua linapozama, kupunguza mwendo unapoona matawi barabarani, na kofia ngumu iliyofungwa mkanda kidevuni. Kofia iliyotundikwa kwenye mpini haimlindi mtu. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi nyingi ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Kosa letu

Sasa turudi kwa mzee wetu, maana swali lake lilikuwa na ukweli ambao hatukuuona mwanzoni.

Miezi ya kwanza tulipanga chupa uwanjani, kijana anapita katikati yake kwa kupinda huku na huku. Tulishika saa. Aliyemaliza haraka tulimpa soda. Vijana walifurahi, nasi tukajisifu kwamba wanahudhuria. Baada ya muda mama mmoja akatuletea habari kwamba mwanawe anapinda vivyo hivyo katikati ya magari, akisema yeye ni bingwa wa uwanjani.

Tuliona aibu. Baadaye tukajifunza kwamba si sisi wa kwanza. Huko Norwei, katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia madereva waliofundishwa kumudu gari kwenye barabara yenye utelezi. Ajali za vijana wa kiume hazikupungua, bali ziliongezeka, kwa sababu kijana aliyejiona fundi alithubutu zaidi. Uchunguzi mwingine wa masomo ya udereva mashuleni katika nchi zilizoendelea ulionyesha kwamba masomo yale yaliwafanya vijana wapate leseni mapema zaidi, bila ushahidi kwamba ajali zilipungua.

Kwa hiyo tuliacha saa na tuliacha soda. Zoezi la chupa bado lipo, ila sasa anayefanya vizuri ni yule anayepita polepole kuliko wote bila kuweka mguu chini. Na kila zoezi linaishia kwa swali moja: kwa mwendo gani ungeshindwa kulimudu? Tunataka kijana aondoke uwanjani akijua mahali uwezo wake unapokoma. Asiyeujua mpaka huo, ujuzi tuliompa unaweza kumwua.

Si sisi peke yetu

Kazi hii inafanyika kwingine pia. Kule Marekani, Doug Herbert, dereva wa magari ya mashindano, alipoteza watoto wake wawili wa kiume katika ajali moja Januari 2008. Mkubwa, aliyekuwa akiendesha, alikuwa na umri wa miaka 17, na mdogo miaka 12. Baba yule alianzisha mafunzo ya udereva salama kwa vijana, na anataka mzazi naye ahudhurie pamoja na mtoto wake. Hapa kwetu, shirika la Amend lilitengeneza njia salama za waenda kwa miguu kuzunguka shule za msingi jijini Dar es Salaam, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya Ross. Huo ni ushahidi kwamba kumfundisha mtoto hakutoshi. Barabara nayo, na watu wazima nao, lazima wabadilike.

Ukuta wa darini

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Agizo lile halikuanza kwa kumkemea mgeni atembee kwa uangalifu. Lilianza kwa mwenye nyumba. Na ndugu zetu Waislamu wamefundishwa kwamba kuondoa njiani kitu kinachodhuru watu ni sehemu ya imani.

Basi, wazazi wetu, leo hatukuja kuwasema vijana. Tumekuja kuomba ukuta wa darini. Tunaomba mambo manne.

Moja, usimpe mtoto ufunguo wa chombo ambacho hana leseni nacho, hata kama dukani ni karibu na chumvi imekwisha. Atembee.

Mbili, siku unayonunua pikipiki nunua na kofia ngumu mbili, yake na ya abiria. Kama fedha haitoshi kwa vyote, pikipiki isubiri.

Tatu, ninyi wenye pikipiki mlioziweka kijiweni. Mnadai hesabu ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana anayeiona saa mbili usiku hesabu haijatimia ndiye anayepakia mishikaki na kuzima masikio. Siku ya mvua mpunguzieni. Hesabu ya kesho italetwa na aliye hai.

Nne, lori au pikipiki ikiharibika barabarani, weka alama mbali ya kutosha mtu aione mapema. Ukimaliza kutengeneza, ondoa matawi na mawe. Mawe yaliyoachwa usiku yameshawaangusha wengi.

Kwetu sisi, tunahitaji mikono. Kama wewe ni dereva wa miaka mingi, fundi, muuguzi au askari mstaafu, Jumamosi moja kwa mwezi inatosha. Tunahitaji pia kofia ngumu za mazoezi, maana tulizonazo vijana wanavaa kwa zamu.

Na yule kijana anayechechemea? Huja kila Jumamosi. Hajapanda pikipiki tena. Yeye ndiye anayechora mstari wa chokaa, na ndiye anayewaeleza wenzake maana ya matawi barabarani. Akisema yeye, wanasikia kuliko tukisema sisi.

Mzee wetu, tunashukuru kwa swali lako. Tunaomba uje Jumamosi, uketi pale kivulini, na ukiona tunakosea tena utuambie.