Muulize Waziwazi

Msikilizaji wa Kyela, Ipinda na Matema, kijana akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Wapo wanaohofu kwamba swali hilo litampa wazo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua; humpunguzia wasiwasi. Wengine husema karogwa, au anadeka. Huenda ana sonona, na huo ni ugonjwa unaotibika. Anayetaka kumwombea amwombee, lakini matibabu yasingoje. Nanyi vijana, mwenzenu akiwaambia amechoka kuishi na msimwambie mtu, hiyo si siri ya kutunza. Mwambieni mzazi au mwalimu mnayemwamini. Kwa hiyo, muulize, msikilize, usimwache peke yake. Mpelekeni leo hii kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya ya Kyela. Ikibidi, atapewa rufaa kwenda Mbeya.