Taa Isiyopumua Haidumu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya kazi, Garsen)

Sisi ni watu wa reli, na reli haijafika kwenu. Tumekuja kwa basi la Malindi. Lakini jambo tulilokuja kulisema lamgusa kila atumiaye taa kazini, awe wa reli, wa ghala, au mlinzi wa pampu kando ya Mto Tana.

Kisa chetu ni hiki. Katika karakana moja ya mabati tulikofanya kazi, taa za LED za wati 10 huwashwa mchana kutwa, maana madirisha ni machache. Zilifungwa zikiwa mpya; miezi michache baadaye zikafifia, kisha nne zikafa. Mkubwa wa kazi akasema mafundi wameziharibu, na wenzetu wawili wakakatwa mshahara. Tulinyamaza kwa kuwa hatukuwa na la kujibu. Leo jibu tunalo, nasi twataka mlijue kabla hayajawafika.

Globu ya zamani hutupa joto lake nje pamoja na mwanga. LED haifanyi hivyo. Mwanga wake hauchomi, kwa hiyo watu hudhani haina joto. Kumbe katika wati 10 za umeme, kama 3 hugeuka mwanga, na 7 hubaki kuwa joto ndani ya kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele. Joto hilo hutokea kwa nyuma tu: hupita kwenye bamba, kisha kwenye kipoza joto, yaani lile pande la alumini lenye mapezi kama ya samaki, ndipo hewa hulichukua. Likizibwa njia, kijiwe hujipika chenyewe.

Njia hiyo yapimika. Kipoza joto kizuri huuzwa na nambari yake: joto litapanda digrii ngapi kwa kila wati moja. Nambari ikiwa ndogo ndiyo bora. Hesabu yake ni kujumlisha na kuzidisha tu, kama tulivyofundishwa shule ya misheni.

Kipoza joto cha karakana ile kilikuwa cha digrii 5. Ongeza 3 za njia ya ndani ya taa yenyewe, jumla 8. Zidisha kwa wati 7 za joto, utapata 56. Nairobi, hewa ikiwa digrii 25, moyo wa taa ungefika 81. Sisi twaweka mpaka wetu 85, basi huko ingedumu. Lakini chini ya mabati yale kipimajoto kilionyesha 45. Jumlisha 56, utapata 101. Taa ni ile ile na fundi ni yule yule; kilichobadilika ni hewa. Hapo palihitajika kipoza joto cha digrii 2 na nusu, na tajiri alinunua cha 5. Je, kosa ni la nani?

Ninyi wa Garsen mwajua jua la hapa. Basi shikeni haya:

1. Taa yenye wati nyingi na kiwiliwili chepesi cha plastiki, msiiamini. Plastiki haipitishi joto kama alumini.

2. Dawa ya kupakwa kati ya bamba na kipoza joto ipakwe nyembamba. Kazi yake ni kuziba vijitundu tu. Ikiwa nene yazuia joto.

3. Mapezi yasimame wima, hewa ya moto ipate kupanda. Yafuteni vumbi na wadudu, na taa msiifungie ndani ya sanduku.

4. Taa ikiwaka kwa nguvu na kipoza joto kikawa baridi, msifurahi. Joto halikifikii, limebaki ndani. Kizimeni mtazame skrubu na ile dawa.

Ndugu, hili si jambo la senti za taa tu. Tana ulipofurika mwaka 2018, na tena 2023, watu walihamishwa wao na mizigo yao. Usiku wa namna hiyo, taa ikififia mkononi mwa mtu aliye ndani ya mtumbwi, mamba haulizi nani aliinunua.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, taa za kazini zinunuliwe kwa kupima joto la mahali zitakapofungwa. Pili, asikatwe mtu mshahara kwa taa iliyokufa kabla haijafunguliwa na kupimwa mbele ya mjumbe wa Chama. Wale wenzetu wawili hawajarudishiwa fedha zao, na dai lao tutalipeleka na hesabu hii mkononi.

Umoja ni nguvu.