Cheti Peke Yake Hakitoshi



Sote tumezoea kuchanga karo. Tunauza mbuzi, tunakopa kwa kikundi, mtoto anaenda chuo cha ufundi kusomea uhandisi wa umeme ama wa ujenzi. Akimaliza, tunashangilia. Kisha cheti kinakaa kwa sanduku, na mtoto anakaa nyumbani. Kwa nini? Mwajiri anamuuliza, "Umewahi kutengeneza nini kwa mikono yako?" Cheti hakijibu swali hilo.

Ndiyo maana tunamhimiza kila mwanafunzi aanze faili ya kazi zake tangu mwaka wa kwanza, asingoje mahafali. Siku hizi faili hiyo inawekwa kwa simu. Akifunga nyaya za nyumba, apige picha tatu: kabla ya kazi, katikati, na baada ya kumaliza. Aandike tarehe, vifaa alivyotumia, shida iliyotokea na jinsi alivyoitatua. Akienda atachimenti, msimamizi atie sahihi kwa kitabu chake cha kazi, na ukurasa huo upigwe picha. Vyuo vya ufundi vinavyofuata mtaala wa umilisi tayari vinadai ushahidi wa namna hii.

Simu huibwa, tena huanguka majini. Basi ajitumie nakala kwa barua pepe yake mwenyewe.

Je, fundi ambaye hakufika chuo? Asikate tamaa. NITA hutahini mafundi kwa gredi: ya tatu ni ya kuanzia, ya kwanza ndiyo ya juu. Tena sheria ya mwaka 2014 iliunda KNQA, mamlaka inayosimamia viwango vya vyeti nchini, na ujuzi uliopatikana kazini unaweza kutambuliwa. Lakini huko pia utaulizwa ushahidi.

Tahadhari mbili. Picha ya kazi ya mwenzako si yako. Ukidanganya utaumbuka siku utakapopewa spana. Na namba ya kitambulisho usiiweke hadharani.

Wahenga walisema chema chajiuza. Ni kweli, lakini kikifichwa mvunguni, nani atakiona? Kwa hivyo, mkutano ujao, baada ya kuhesabu michango, tumuulize kila kijana tunayemlipia karo: "Faili yako imefika wapi?" Na yule anayejua amwonyeshe asiyejua.