Kalebu Aliomba Mlima

Somo: Yoshua 14, mstari wa 6 hadi 15

Baba na mama zetu mliokwisha kustaafu, pengine mnanisikiliza mkiwa mmeketi. Neno la leo ni lenu. Vijana nao wana fungu lao, na nitalifikia.

Katika sura hiyo ya 14 twasoma habari za mzee mmoja, Kalebu mwana wa Yefune. Alikuwa na umri wa miaka 40 Musa alipomtuma kuipeleleza nchi ya Kanaani. Ikapita miaka 45 ya jangwa na vita. Sasa ana miaka 85, nchi inagawanywa, naye anakuja mbele ya Yoshua kudai sehemu yake. Mzee huyu angaliweza kuomba bonde lenye maji, akaketi chini ya mtini, wajukuu wakimletea chakula. Hakuna mtu ambaye angalimlaumu. Lakini Kalebu aliomba mlima, tena mlima wenye watu warefu na miji yenye maboma. Alimwambia Yoshua kwamba nguvu alizokuwa nazo ujanani bado anazo.

Nguvu hizo alipewa na Mungu, naye Kalebu mwenyewe alikiri kwamba ni Bwana aliyemweka hai. Lakini angalieni ni njia gani Bwana alimpitisha. Muda wa miaka 40 Kalebu alitembea kwa miguu. Chakula chake jangwani kilikuwa cha kipimo, pishi moja kwa kila mtu kila siku, na aliyeweka akiba ya ulafi alikuta mabuu asubuhi. Mwendo mwingi, na chakula cha kiasi. Ndiyo shule aliyosomea mzee huyu.

Sasa tuje katika nyumba zetu. Baba akistaafu, watoto wake wema humwambia, "Baba, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Huletewa kiti kizuri. Mtoto hutumwa kuleta maji ambayo mzee angaliyaendea mwenyewe. Jembe hupewa kibarua. Akitaka kwenda kanisani, mwendo wa kilomita moja, huitiwa bodaboda. Wageni wakija, soda ya kwanza ni yake, na nyama yenye mafuta ni yake. Chai yake hutiwa vijiko vitatu vya sukari, maana chai isiyo na sukari huonekana kuwa ni chai ya ufukara. Mama naye, aliyekuwa akienda mtoni na sokoni miaka yote, huambiwa asiguse kitu.

Yote hayo hufanywa kwa upendo, wala siulaumu upendo huo. Amri ya tano yatuagiza tuwaheshimu baba na mama. Lakini amri hiyo imefungamana na ahadi ya siku nyingi. Basi nauliza: je, heshima hii ya kiti na soda yawaongezea wazazi wetu siku, au yawapunguzia?

Sisi makasisi huitwa katika nyumba hizo mara mbili. Mara ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa sababu mzee amemaliza kazi yake salama. Mara ya pili mzee amelala kitandani, upande mmoja wa mwili hauendi, mdomo umepinda, na mkewe anamlisha uji kwa kijiko. Jirani mmoja husema ni uzee. Mwingine hunong'ona kwamba amelogwa. Mara nyingi si uzee wala si uchawi. Ni shinikizo la damu, ile tunayoiita presha, iliyokaa mwilini miaka mingi bila kupimwa.

Mtu atasema, "Lakini Kasisi, presha na sukari ni magonjwa ya wazee, yatatukwepaje?" Sikilizeni basi. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii, aliandika habari za watu 1,000 aliowapima shinikizo la damu. Aliona kwamba watu hao wakipita umri wa miaka 40, shinikizo lao halikupanda kama lilivyopanda kwa Wazungu. Lilielekea kushuka. Hao walikuwa babu na nyanya zetu. Sisemi walikaa peponi. Malaria, njaa na uzazi viliwaua wengi. Lakini ugonjwa huu hawakuujua.

Baadaye wachunguzi waliwafuata watu waliotoka vijiji vya Nyanza, karibu na Ziwa Victoria, wakahamia Nairobi. Habari zao zilichapwa mwaka 1990. Presha yao ilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini; uzito uliongezeka, na chumvi ilizidi miilini mwao. Na mwaka 2015, watu wazima walipopimwa katika nchi yetu nzima, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu. Damu yetu ni ile ile ya babu zetu. Kilichobadilika zaidi ni sahani yetu na mwendo wetu.

Kwanza nitazungumza juu ya mwendo. Huko London, Uingereza, daktari Jerry Morris aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili. Dereva na kondakta walitoka katika mitaa ile ile na kufanya kazi katika basi lile lile. Dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi akikusanya nauli. Mwaka 1953 Morris alitangaza kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na wale walioupata hawakufa upesi kama madereva. Kiti kilikuwa na hatari yake. Daktari huyo mwenyewe alifanya mazoezi hata uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Tena msiseme, "Mimi nimekwisha chelewa." Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee, wenye miaka kati ya 86 na 96. Wazee hao walifanyizwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu muda wa majuma 8. Waliomaliza mazoezi walipata nguvu za miguu zaidi ya maradufu ya zile walizoanza nazo, na wawili kati yao waliacha kutembelea fimbo. Misuli ya mwanadamu huanza kupungua tangu miaka ya 30, na baada ya 60 hupungua kwa haraka zaidi. Lakini ikitumiwa, huitika, hata kwa mtu wa miaka 90. Muumba wetu ameiumba hivyo.

Basi, baba na mama, tufanye nini? Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate dakika 150 za mwendo wa nguvu kiasi kwa juma. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Tembea kwa haraka kiasi kwamba waweza kuzungumza na mwenzako, lakini kuimba wimbo kungekushinda. Mwenye miaka 65 na zaidi aongeze mazoezi ya kuimarisha miguu na kusimama imara, siku tatu kwa juma au zaidi, ili asianguke. Hayahitaji fedha. Keti kwenye kiti kigumu, kiwekwe ukutani kisiteleze, kisha usimame bila kushika kwa mikono. Ukiweza mara tano leo, juma lijalo jaribu sita. Shika meza, usimame kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Na lile shamba dogo la mboga nyuma ya nyumba, usimwachie kibarua lote.

Ila mwenye maumivu ya kifua, au anayekosa pumzi upesi, au anayetumia dawa, na aende kwanza zahanati. Na kila aliyepita miaka 40 apimwe presha na sukari, hata kama hasikii lolote, maana presha haipigi hodi. Wala mtu asitupe vidonge vyake kwa kudai ana imani. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na hakuna mahali Paulo alipomkemea kwa kazi hiyo.

Pili ni sahani. Hapa sitaki niwaletee vyakula vya kigeni. Vyakula vilivyowatunza babu zetu bado viko sokoni, tena kwa bei nafuu: wimbi, mtama, maharagwe, ndengu, kunde, managu, terere, omena, maziwa ya mala. Tujaze nusu ya sahani kwa mboga. Robo moja iwe ugali au viazi, na robo iliyobaki iwe maharagwe, samaki, yai au nyama kidogo. Unga usiokobolewa ni bora kuliko ule mweupe.

Yuko daktari aliyeitwa Hugh Trowell, aliyeanza kazi hapa Kenya mwaka 1929, kisha akafundisha Mulago, Uganda. Alipoacha kazi ya udaktari huku, alirudi Uingereza akawa kasisi wa Kanisa letu la Anglikana. Yeye na mwenzake Denis Burkitt, aliyekuwa daktari Uganda vilevile, waliwafundisha Wazungu kwamba chakula chenye makapi yake na nyuzi zake, kama walichokiona Afrika Mashariki, huukinga mwili na maradhi mengi. Wageni walijifunza hekima hiyo katika vyungu vyetu. Sisi wenyewe tumeviinamisha vyungu hivyo, tukakimbilia chipsi.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika mkate na viungo vya mchuzi. Na soda, wapenzi: chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vinane hivi. Hakuna mgeni ambaye angekaribishwa chai ya vijiko vinane akafurahi, lakini akiletewa katika chupa huona ameheshimiwa.

Wako wengine ambao shida yao si wingi wa chakula. Ni mama mjane aliyebaki peke yake, watoto wote wako mjini. Hana hamu ya kuwasha moto kwa ajili ya mdomo mmoja, basi hula chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni. Miguu yake inalegea kwa kukosa maharagwe na mayai, naye adhani ni umri. Umoja wa Akina Mama, nawasihi: msimpelekee sukari na mkate peke yake. Mpelekeeni trei ya mayai, kisha keteni mle naye. Kula pamoja ni nusu ya dawa.

Sasa ninyi vijana. Kumheshimu mzazi si kumkalisha tu. Baba akitaka kutembea, usimwitie bodaboda. Tembea pamoja naye, umsikilize. Usipate haya majirani wakimwona mama yako ana jembe dogo mkononi. Mpeleke akapimwe presha, na fedha ulizotaka kununulia kreti ya soda, mnunulie dawa.

Nimalizie kwa mzee mwingine, ili mtu yeyote asione nimewawekea mzigo. Katika 2 Samweli, sura ya 19, twasoma habari za Barzilai mwenye miaka 80. Mfalme Daudi alimwalika akae Yerusalemu, ale katika meza ya kifalme. Barzilai alikataa kwa adabu. Alikiri kwamba masikio na ulimi wake vimechoka. Hakujifanya kijana. Hata hivyo hakukaa nyumbani siku ile: aliuvuka mto Yordani, akamsindikiza mfalme mwendo mfupi kwa kadiri ya uwezo wake. Kalebu alipanda mlima, Barzilai alisindikiza hatua chache, na wote wawili walimpendeza Mungu. Na wewe uliyelala kitandani usiyeweza hata hatua moja, hujatupwa. Maombi yako yaenda mahali ambapo miguu haifiki.

Mtume Paulo alimweleza Timotheo kwamba utauwa una faida kupita mazoezi ya mwili. Lakini hakusema mazoezi hayana faida. Mwili huu ni hekalu, nasi ni watunzaji tu. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mlima wako ni ile njia iendayo hadi kanisani na kurudi. Uombe huo.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe uliyemhifadhi Kalebu hata uzeeni, uwatie nguvu wazee wetu. Utufundishe kiasi mezani na bidii katika mwendo. Uwafariji walio wagonjwa, na uwape watoto wao upendo wenye hekima. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.