Kumfuata Mkulima Mhamaji kwa Karatasi: Charles Ingalls katika Sensa na Hati za Ardhi



Nimeombwa nieleze jinsi ya kumtafuta babu mkulima aliyehamia ardhi mpya katika mbuga za Marekani karne ya 19. Ombi hilo lina sababu. Baadhi yetu humu tuna wajukuu Iowa, Minnesota na Dakota Kusini. Mtoto akipewa shuleni kazi ya kuchora nasaba yake, upande mmoja unatoka Bukavu au Kisumu na upande wa pili unatoka kwa mtu aliyefika na gari la turubai lililokokotwa na farasi. Upande wa kwanza tutamsimulia wenyewe. Huu wa pili unahitaji makaratasi, na Wamarekani wameyatunza mengi.

Sitawapa kanuni tupu. Nimemchukua mtu mmoja, Charles Ingalls, aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1836 na kufariki De Smet, Dakota Kusini, mwaka 1902. Hakuwa tajiri wala kiongozi wa taifa. Anajulikana kwa sababu binti yake, Laura Ingalls Wilder, aliandika vitabu vya watoto kuhusu maisha yao, kikiwemo Little House on the Prairie cha mwaka 1935. Kwa hiyo tuna simulizi ya familia mkono mmoja na nyaraka za serikali mkono wa pili. Nitakalosema ni hili: sensa hukuonyesha mtu alikuwa wapi, hati ya ardhi hukuonyesha alikuwa pale kwa haki gani, na pale viwili hivyo vinapokataa kukubaliana ndipo penye habari.

Sensa na tabia zake

Marekani huhesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu 1790, lakini kabla ya 1850 fomu ilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Wengine walikuwa tarakimu. Kuanzia 1850 kila mtu huru aliandikwa jina. Watumwa katika sensa za 1850 na 1860 waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina isipokuwa kwa nadra. Ndiyo maana kwa Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika mwaka 1870 ni ukuta: hapo ndipo babu anapotokea na jina lake kwa mara ya kwanza katika sensa ya taifa. Sensa ya 1880 iliongeza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na mahali walikozaliwa wazazi wake. Ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na kama shamba ni la mtu mwenyewe au la kukodi. Ile ya 1890, ambayo ingekuwa hazina kwa wanaotafuta walowezi wa mbugani, karibu yote iliharibiwa na moto uliotokea Washington Januari 1921 na yaliyofuata baada ya moto. Pengo la miaka 20 linabaki, na ni ardhi inayoliziba.

Majina ya watu hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Sensa ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ya 1960 bado.

Kuna daftari jingine ambalo wengi hulipita bila kuligusa, nalo ni orodha ya kilimo iliyoandikwa pamoja na sensa za 1850 hadi 1880. Humo mna ekari zilizolimwa na zisizolimwa, idadi ya farasi, ng'ombe wa maziwa na nguruwe, magunia ya ngano, hata siagi. Kwa anayetaka kujua babu alikula nini na aliuza nini, ukurasa mmoja wa orodha hii unamweleza zaidi ya barua kumi. Wakulima wadogo sana waliachwa nje, kwa hiyo usipomwona babu humo usikimbilie kusema hakulima.

Safu ninayoipenda mimi katika sensa ya kawaida ni ile ya mahali pa kuzaliwa watoto. Mary na Laura walizaliwa Wisconsin, mwaka 1865 na 1867. Carrie alizaliwa Kansas mwaka 1870. Grace alizaliwa Iowa mwaka 1877. Mtu akiona kaya ya namna hiyo Dakota mwaka 1880, ameshapata ramani ya safari ya baba yao kabla hajafungua kabati la ardhi.

Ardhi ya kununua kwa jirani na ardhi ya kuomba serikalini

Hapa wanaoanza huchanganyikiwa, na ni haki yao. Ardhi ya mkulima wa Marekani inaweza kuwa na karatasi za aina mbili, katika ofisi mbili tofauti. Ikitoka serikalini kwenda kwa mtu wa kwanza, nyaraka ziko kwa serikali kuu. Ikishatoka, kila kuuziana kunaandikwa katika daftari la kaunti, na faharasa mbili: ya wauzaji na ya wanunuzi. Usitafute moja tu.

Charles anaonekana katika daftari la namna hii huko Pepin, Wisconsin. Mwaka 1863 yeye na shemeji yake Henry Quiner walinunua ardhi pamoja, na mwaka 1868 waliiuza. Jambo la pili ni tamu zaidi. Kitabu cha binti yake kinaifanya safari kuwa ya moja kwa moja, kutoka misitu ya Wisconsin hadi mbuga za Kansas. Lakini daftari la Kaunti ya Chariton, Missouri, linaonyesha Charles akinunua ardhi huko mwaka 1868, kwa mkopo, shamba ambalo baadaye lilirudi kwa muuzaji. Missouri haimo kitabuni. Laura alikuwa mtoto mchanga. Hakuwa na kumbukumbu ya kuandika. Mali bila daftari huisha bila habari, husema wahenga, na hapa daftari ndilo lililobaki na habari baada ya mali kwenda.

Ardhi ya serikali ina jiografia yake. Tangu sheria ya 1785 ardhi ya umma ilipimwa kwa miraba ya maili sita kwa sita iitwayo taunishipu, kila mraba ukagawanywa sehemu 36 zenye ekari 640 kila moja. Robo ya sehemu ni ekari 160, na hiyo ndiyo kipimo cha mkulima mhamaji. Sheria ya Homestead iliyosainiwa na Rais Lincoln tarehe 20 Mei 1862 ilimruhusu mkuu wa familia, au mtu aliyetimiza miaka 21, raia au aliyetangaza nia ya kuwa raia, kuomba robo hiyo kwa ada ndogo, akae miaka mitano, alime, ajenge, kisha alete mashahidi wawili wathibitishe. Wanawake wasio na waume waliruhusiwa. Daniel Freeman huhesabiwa wa kwanza. Aliandikisha shamba lake karibu na Beatrice, Nebraska, tarehe 1 Januari 1863, siku sheria ilipoanza kufanya kazi. Hadi mpango ulipofungwa, waliofanikiwa walikuwa takriban milioni 1.6, na ardhi iliyogawiwa ilifikia ekari milioni 270.

Ingalls aliandikisha dai lake katika ofisi ya ardhi ya Brookings tarehe 19 Februari 1880: robo ya kaskazini-mashariki ya sehemu ya 3, taunishipu ya 110 kaskazini, safu ya 56 magharibi. Anwani hii inaonekana kama hesabu za fundi, lakini ukiwa nayo unaweza leo kusimama kwenye udongo wenyewe. Alithibitisha mwaka 1886. Jalada lake liko Nyaraka za Taifa za Marekani, nao wamelitumia hata kufundishia shule.

Ninasisitiza neno jalada. Hatimiliki, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu, ni ukurasa mmoja wenye jina, tarehe na kipande cha ardhi. Wengi huipakua, huiweka kwenye fremu, na kazi yao huishia hapo. Jalada ndilo lenye kiapo: nani anaishi humo, nyumba ina ukubwa gani, ekari ngapi zimevunjwa kwa jembe, mazao ya misimu mingapi, mara ngapi familia iliondoka shambani na kwa sababu gani. Mgeni kutoka Ulaya aliambatisha karatasi ya uraia. Tangazo la nia ya kuthibitisha lilichapishwa katika gazeti la mahali hapo, na majina ya mashahidi. Yaangalieni majina hayo. Mara nyingi ni shemeji, kaka, au mtu waliyetoka naye kijiji kimoja.

Na walioshindwa? Wengi walishindwa. Dai lililoachwa halikuzaa hatimiliki, kwa hiyo haliko kwenye faharasa ya hatimiliki mtandaoni. Lakini jalada lake mara nyingi lipo, chini ya madai yaliyofutwa, na njia ya kulifikia ni daftari la serikali linaloorodhesha kila kipande cha ardhi na kila aliyewahi kukidai. Kwa hiyo hata mtu aliyekimbia ukame anaweza kuwa na jalada.

Minnesota ni mfano wa kushindwa bila jalada kusema sana. Karibu na Walnut Grove, Charles alichukua shamba miaka ya 1870, na nzige wa Milima ya Rocky wakala mazao mfululizo. Mwaka 1876 aliuza. Hati ya mauzo inataja bei na mnunuzi, nzige hawamo. Kinachojaza pengo hilo ni karatasi ya msaada: mwishoni mwa 1875 Charles alitakiwa kuapa kwamba hana uwezo, ndipo apewe unga wa jimbo. Mwenye fahari kama alivyochorwa na binti yake asingelisimulia hilo mezani. Kwa hiyo sensa na ardhi zikinyamaza, ulizeni daftari za misaada, kodi na maskini za kaunti.

Kansas, 1870

Nimeacha hili mwisho kwa makusudi.

Tarehe 13 Agosti 1870 karani wa sensa alifika kaya ya Ingalls katika taunishipu ya Rutland, Kaunti ya Montgomery. Kwanza, angalizo dogo: sheria ilitaka wahesabiwe waliokuwa hai tarehe 1 Juni. Carrie alizaliwa tarehe 3 Agosti, kwa hiyo hakustahili kuorodheshwa hata kama karani alimsikia akilia ndani. Anayetafuta mtoto mchanga katika sensa lazima aijue siku ya sheria na siku ya ziara.

Kitabu kinasema nyumba ilikuwa maili 40 kutoka mji wa Independence. Miaka ya 1960 mtafiti wa huko, Margaret Clement, aliipata umbali mfupi zaidi, kiasi cha maili 13, na alichokitegemea ni mpangilio wa sensa. Karani alitembea nyumba kwa nyumba. Majirani wa ukurasani ni majirani wa ardhini. Waliokuja kununua ardhi ile baadaye wana hati zinazoeleza sehemu na robo. Ukizipanga hati za majirani kwenye ramani, nafasi inayobaki tupu katikati ndiyo ya yule asiye na hati. Njia hii inafaa popote, na kwangu mimi ndiyo kiini cha semina hii.

Miongoni mwa majirani hao ni Dkt. George Tann, daktari mweusi, ambaye katika kitabu ndiye aliyeitibu familia homa ya malaria. Bila sensa, tungeweza kudhani ni mhusika wa kubuniwa.

Kwa nini Ingalls hana hati Kansas? Kwa sababu ardhi haikuwa ya kuomba. Ilikuwa hifadhi ya Waosage, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, na karani mwenyewe aliandika katika daftari lake kuwa ardhi ni ya Waosage na walowezi hawana hati yoyote. Safu ya thamani ya ardhi ikabaki tupu. Sheria ya kuwahamisha Waosage ilipita Julai 1870 na wao wakakubali Septemba. Baada ya hapo walowezi waliruhusiwa kununua kwa dola 1.25 kwa ekari. Ingalls aliondoka 1871 bila kununua.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji maelezo marefu hapo. Hati za mashamba ya wazungu katika Bonde la Ufa zinaanza na sheria ya ardhi ya mwaka 1902, na mikataba iliyowahamisha Wamaasai ni ya 1904 na 1911. Anayesoma jalada la shamba bila kusoma mkataba amesoma nusu ya ukurasa. Familia nyingi za Marekani huandika katika vitabu vya ukoo kwamba babu alikuta mbuga tupu. Safu tupu ya sensa ya 1870 haisemi hivyo; inasema mwenye ardhi alikuwepo na alijulikana kwa jina.

Jina hilo nalo lina makaratasi yake. Waosage wana orodha za malipo ya kila mwaka tangu karne ya 19, kaya kwa kaya, na orodha ya ugawaji wa ardhi iliyotokana na sheria ya 1906, yenye majina 2,229. Nazo ziko Nyaraka za Taifa, idara ileile inayotunza jalada la Ingalls. Mwenye babu aliyekaa Kaunti ya Montgomery kati ya 1869 na 1871 aagize nyaraka za babu yake na za Waosage pia, kwa fomu tofauti, na aweke muda wa kusubiri.