Umeme mdogo, maswali makubwa

Mwaka 2000 huko Göttingen, Ujerumani, watafiti Michael Nitsche na Walter Paulus waliweka elektrodi za sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi kwenye vichwa vya watu, wakapitisha mkondo wa miliampia 1 kwa dakika chache. Kisha wakaushtua ubongo kwa sumaku na kupima msuli wa mkono unavyoitikia. Mwitikio ulibadilika kwa hadi asilimia 40: ukapanda au kushuka, kutegemea mkondo ulikoelekea.

Umeme huo haulazimishi seli ya neva kufyatuka. Huisogeza tu karibu na hatua hiyo, au kuirudisha nyuma.

Je, unafika kweli ubongoni? Vipimo kwenye maiti, vilivyochapishwa mwaka 2018 na kundi la mtafiti wa ubongo György Buzsáki, vilionyesha takriban asilimia 75 ya mkondo huishia kwenye ngozi, nyama na fuvu.

Tatizo jingine ni mwasho. Mtu akihisi ngozi inamchonyota, huamini anatibiwa. Kwa hiyo watafiti makini huwawashia baadhi ya washiriki mashine kwa sekunde chache tu, kisha huizima kimyakimya, ili wawalinganishe na wanaopata mkondo halisi. Anayetangaziwa kifaa cha umeme huu cha kunoa kumbukumbu aulize kwanza kama kilipita jaribio hilo.